Kiduha: Ua Zuri Linalovuna Kabla ya Mkulima



Msimu uliopita, mazao yakiwa bado shambani, malalamiko juu ya mbegu yalikuwa mengi katika vyama vyetu vya msingi kuliko hata malalamiko juu ya bei, jambo ambalo si la kawaida. Wanachama walisema mbegu ya mtama na ya mahindi waliyoichukua kwa mkopo ilikuwa hafifu. Iliota vizuri, ikafika magotini, kisha ikadumaa. Majani yakakunjamana na kugeuka rangi ya manjano kana kwamba mvua imekatika, ilhali udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, maneno yalifika mbali hata katibu akaambiwa mbele ya mkutano kwamba ameuza mbegu njema mjini na kuwagawia wenzake makapi. Katibu yule ni mtu mzima mwenye kuheshimika. Alisimama kujibu, akakosa la kusema, akaketi.

Kesho yake tulikwenda na bwana shamba, ambaye siku hizi huitwa afisa ugani, hadi katika shamba la mwanachama aliyekuwa mkali kuliko wote. Tulikuta mtama umesimama mfupi, na chini yake yametandaa maua ya rangi ya waridi, mazuri kabisa, utadhani yamepandwa kwa ajili ya harusi. Mwenyewe alisema kwamba maua yale huja kila mwaka na hayana neno. Bwana shamba akaomba jembe. Alichimbua shina moja la mtama pamoja na bonge lake la udongo, akalitumbukiza katika ndoo ya maji na kuliosha taratibu kwa vidole. Mizizi ilipobaki mitupu tukaona nyuzi nyeupe, laini, zimeishika mizizi ya mtama kama kupe walivyoshika sikio la ng'ombe. Na nyuzi hizo zilipofuatwa kwenda juu zilitupeleka moja kwa moja kwenye yale maua. Mwanachama yule alitazama kwa muda, kisha akataka achimbuliwe shina la pili, na la tatu.

Mbegu haikuwa na kosa, wala katibu hakuwa na kosa. Maadamu makatibu wengine wataulizwa maswali yale yale, imeonekana yafaa kueleza kwa kirefu huyu mla mazao ni nani, anaishije, na kwa nini nchi ya pamba kama yetu inayo silaha dhidi yake ambayo wakulima wengi hawajui kwamba wanayo.

Ua lenyewe huitwa kiduha. Ndugu zetu wa Kenya ya magharibi hulifahamu zaidi kwa jina la kayongo. Waingereza waliliita gugu la wachawi, na wanasayansi wamelipa jina la Striga, neno la Kilatini lenye maana ya mchawi wa kike. Majina haya hayakutolewa bure. Mtu anayeona mazao yake yananyauka kwenye udongo wenye maji, huku shamba la jirani likistawi, hawezi kulaumiwa sana akifikiri kwamba amerogwa.

Viko viduha vya aina kadhaa. Kile cha maua ya waridi au ya zambarau hafifu, ambacho huweza kufikia kimo cha mita moja, ndicho tunachokijua zaidi sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Kile cha maua mekundu ni kifupi, mara nyingi hakivuki goti, nacho kimeenea zaidi katika sehemu za kati, za kusini na za pwani ya Tanzania. Vyote viwili hushambulia nafaka: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa mlimani na hata miwa. Yuko pia ndugu yao mwenye maua ya manjano ambaye haligusi hindi hata kidogo, bali hushambulia kunde, karanga na njugu mawe. Huyo tutamrudia, kwa sababu amewahi kuwaponza watu waliodhani wamekimbia hatari.

Mmea wa kawaida hujitafutia riziki wenyewe. Mizizi yake hufyonza maji na chumvi za udongoni, na majani yake hutengeneza chakula kwa nguvu za jua. Lakini ipo mimea ambayo badala ya kutafuta huchukua kwa wenzake. Hiyo huitwa mimea vimelea, na si michache: wataalamu wamehesabu aina zipatazo 4,000 na zaidi duniani, yaani karibu moja katika kila mia ya mimea yote itoayo maua. Mingine haina rangi ya kijani hata kidogo na humtegemea mwenyeji wake kwa kila kitu. Mingine, na kiduha kimo humo, ina majani ya kijani na hujipikia kiasi fulani cha chakula, lakini maji na chumvi zote huzinyonya kutoka katika mizizi ya mwenziwe, pamoja na sehemu ya chakula alichokwisha kukitengeneza. Hata msandali wetu, mti ule wenye harufu nzuri uliowaingiza wengi katika biashara ya magendo, hunyonya mizizi ya miti iliyo jirani yake.

Mbegu ya kiduha ni ndogo mno. Urefu wake haufiki nusu ya milimita. Ukizimimina kiganjani utadhani ni ugoro. Mbegu ndogo namna hiyo haina akiba ya chakula. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya, hufa katika siku chache tu. Basi kiduha hakioti ovyo. Mbegu hukaa udongoni ikisubiri, na inaweza kusubiri miaka 10 au zaidi bila kufa. Mvua ikinyesha, hulowana na kujiandaa kwa muda wa wiki moja au mbili. Lakini hata hapo haioti mpaka ipate habari kwamba mzizi wa mwenyeji uko karibu, umbali wa milimita chache tu.

Habari hiyo huletwa na nini? Huletwa na mzizi wenyewe. Mizizi ya mtama na ya mahindi hutoa udongoni kemikali fulani, kwa kiasi kidogo kisichopimika kwa vyombo vya kawaida, na mbegu ya kiduha inapoipata kemikali hiyo huamka. Hutoa kimzizi chembamba kinachoelekea kwenye mzizi wa mwenyeji, kinaugusa, kinavimba nchani na kugeuka kiungo cha kunyonyea, kisha kinapenya ndani mpaka kufikia mishipa ya maji. Tangu saa hiyo mtama unalisha watu wawili.

Kwa muda wa wiki nne hadi saba baada ya hapo kiduha huishi chini ya ardhi, hakionekani. Huu ndio wakati kinapofanya uharibifu mkubwa kabisa. Hakiibi chakula peke yake. Majani yake huacha vinywa vyake wazi hata wakati wa jua kali, ambapo mimea yenye busara hufunga, na kwa hiyo huvuta maji mfululizo kutoka kwa mwenyeji. Aidha, huvuruga ukuaji wa mwenyeji kwa namna inayozidi hesabu ya kile kilichoibwa. Shina hudumaa kana kwamba limenyweshwa sumu. Mkulima anapokiona kiduha kinachomoza juu ya udongo, sehemu kubwa ya mavuno yake ya mwaka huo imekwisha kwenda. Mahali palipoathirika vibaya huweza kukosa hata debe moja.

Sasa niwaeleze jambo moja ambalo kila mkulima wa pamba angefaa kulijua, nalo ni la kweli ingawa linashangaza. Kemikali ile inayoamsha kiduha, wanasayansi walipoitafuta, hawakuipata kwanza katika mahindi wala katika mtama. Waliipata katika mizizi ya pamba. Mwaka 1966 watafiti wa Kimarekani, wakiongozwa na C. E. Cook, walifaulu kuitenga kutoka katika mizizi ya miche ya pamba, wakaiita strigol. Pamba hailiwi na kiduha. Inakiita kama mtama unavyokiita, mbegu inaamka, inatoa kimzizi, inafika kwenye mzizi wa pamba, haiwezi kuendelea, inakufa. Pamba, kwa lugha nyepesi, ni mtego.

Lakini likabaki swali. Kwa nini mmea wowote umwite adui wake? Jibu halikupatikana mpaka mwaka 2005, ambapo watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo, ambazo sasa huitwa strigolaktoni, hazikuwekwa kwa ajili ya kiduha. Mmea huzitoa ili kuwaita rafiki zake. Udongoni kuna kuvu wadogo wanaoungana na mizizi na kuipelekea fosforasi, nao hulipwa kwa sukari, ndio wanaoitwa. Mwaka 2008 ikagundulika pia kwamba kemikali hizo hizo hufanya kazi ndani ya mmea wenyewe, kuamua matawi mangapi yachipue. Kiduha ni mdukuzi tu aliyejifunza kusikiliza wito usiokuwa wake.

Na hapa ndipo elimu hii inapoingia moja kwa moja katika mashamba yetu. Mmea wenye njaa ya fosforasi na nitrojeni huita kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa unahitaji zaidi msaada wa kuvu. Shamba lililochoka, lililolimwa mtama juu ya mtama miaka 20 bila samadi wala mbolea, ni shamba linalopiga kelele usiku na mchana. Na kiduha husikia. Ndiyo maana kiduha huonekana kama ugonjwa wa maskini. Katika vijiji vingi utakuta mashamba yaliyo karibu na mazizi ya ng'ombe yana kiduha kidogo, na yale ya mbali, ambayo samadi haiyafikii kwa sababu ya kukosa mkokoteni, yamejaa waridi.

Msomaji atauliza kama gugu hili liliumbwa kwa kututesa. La hasha. Kiduha ni ua la porini kama maua mengine. Wataalamu wanadhani kile cha maua ya waridi asili yake ni katika milima ya Nuba ya Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, yaani katika sehemu zile zile ambako mtama wenyewe ulianza kufugwa. Huko kiliishi juu ya majani ya porini, kimoja hapa na kimoja kule, kikitembelewa na vipepeo na nzi wanyonyao maua. Maana kile cha waridi hakiwezi kujichavusha chenyewe, ni lazima mdudu alete chavua kutoka mmea mwingine. Kati ya majani ya aina nyingi, mengine yakilika na mengine yasilike, hakikuweza kuongezeka kupita kiasi. Sisi ndio tuliokiandalia karamu kwa kung'oa kila mmea mwingine na kupanda kile kimoja tu kinachokipenda, ekari kwa ekari, mwaka baada ya mwaka.

Kuna mfano kutoka Marekani ambao hunifikirisha sana. Mwaka 1956 kiduha cha maua mekundu kiligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya majimbo ya North Carolina na South Carolina. Serikali ya huko haikufanya mzaha. Ilikataza watu kuhamisha mazao, udongo na mashine kutoka mashamba yale bila kukaguliwa, ikawatuma wakaguzi shamba kwa shamba, na baadaye ikatumia hata gesi ya ethilini, ile ile inayotolewa na matunda yanayoiva, wakiichoma kwenye udongo kwa mashine ili mbegu ziamke na kufa zikiwa hazina cha kunyonya. Kiduha kilikuwa kimeingia katika ekari zaidi ya 400,000. Leo kimebaki katika vipande vidogo tu. Kazi hiyo imechukua miongo mingi na mamilioni ya dola.

Na katika nchi hiyo hiyo, upande wa magharibi, lipo ua jingine la ukoo ule ule wa kiduha, liitwalo Kastileja. Lina aina zipatazo 200, nyingi zikiwa za kudumu, yaani hazifi baada ya msimu mmoja bali huchipua tena mwaka hadi mwaka. Ukiliona utadhani mtu amechovya brashi katika rangi akaisimika ardhini. Nalo hunyonya mizizi ya majani na vichaka vilivyo jirani. Lakini halishambulii mazao. Huishi katika mbuga, hupunguza nguvu za majani yenye kiburi na hivyo kuyapa nafasi maua madogo, na ndege wale wadogo wanyonyao asali hulitegemea. Jimbo la Wyoming liliteua aina moja yake kuwa ua la jimbo mwaka 1917. Aina nyingine, ya rangi ya dhahabu, ilikaribia kutoweka kwa sababu mbuga zake ziligeuzwa mashamba na makazi, na moto wa asili uliokuwa ukizuia vichaka ukazimwa. Mwaka 1997 iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, watu wakaipanda upya kwa mikono, na mwaka 2023 ikatolewa katika orodha ya mimea iliyo hatarini kwa kuwa imeongezeka. Viwavi wa kipepeo mmoja adimu wa huko hula majani ya Kastileja. Basi serikali moja, katika karne moja, imetumia fedha kumfuta kimelea mmoja na fedha nyingine kumwokoa nduguye, wala haikukosea mara zote mbili. Huko Uingereza pia wako wakulima wanaopanda kimelea kwa makusudi katika malisho yao ili kudhoofisha nyasi na kurudisha maua. Tofauti haiko katika tabia ya mmea, bali katika mahali ulipo na kile tulichokipanda pembeni yake.

Turudi nyumbani. Mkulima afanye nini?

La kwanza ni kung'oa, na hapa ni lazima niseme ukweli usiopendeza. Kung'oa kiduha hakuokoi mavuno ya mwaka huo, kwa sababu zilizokwisha elezwa. Mtu anayepalilia kwa mara ya tatu huku akijua hatapata hata pishi moja zaidi ana haki ya kuuliza kwa nini ajisumbue. Jibu liko katika hesabu. Shina moja la kiduha huweza kutoa mbegu 50,000, na lile lililostawi hutoa zaidi. Mkulima akiacha mashina 20 tu katika ekari nzima, amepanda mbegu 1,000,000, ambazo watoto wake watazipalilia. Kwa hiyo kiduha king'olewe kabla ya maua yake kukauka na kufanya vitumba. Na kwa kuwa hakichomozi siku moja, shamba lirudiwe kila baada ya wiki mbili au tatu hadi mavuno, na hata baada ya mavuno iwapo mabua yamebaki mabichi. Kilicho kichanga chaweza kuachwa kikauke juani. Kilichokwisha kutoa maua kikusanywe na kuchomwa moto. Kisitupwe njiani, wala kisipewe ng'ombe, maana mbegu huweza kusafiri kwa samadi.

La pili ni kubadilisha mazao, na ndiyo silaha niliyoitaja. Ekari iliyoharibika isipandwe nafaka. Ipandwe pamba, na ipaliliwe vizuri, kwa kuwa mahindi yaliyojiotea katikati ya pamba au nyasi zilizoachwa hukifuga kiduha tena. Mazao mengine ya mtego ni karanga, soya, kunde na alizeti, ijapokuwa si aina zote zina nguvu sawa. Msimu mmoja hautoshi. Mbegu zilizo mbali na mizizi hazikusikia wito, na nyingine bado zimelala. Mzunguko wa misimu miwili au mitatu bila nafaka ndio unaoanza kuonyesha tofauti, na najua vizuri kwamba mwenye ekari mbili na watoto sita hawezi kukaa miaka mitatu bila kulima chakula. Basi agawe shamba. Nusu iwe mtego na nusu ichanganywe, nafaka mstari mmoja na kunde au karanga mstari wa pili. Hapa ndipo nilipoahidi kumrudia yule ndugu wa maua ya manjano. Mahali alipo yeye, kunde si mtego bali ni chakula chake. Mkulima akiona ua la manjano limeshikamana na mizizi ya kunde, asipande tena jamii ya kunde mahali hapo, atumie pamba au alizeti.

La tatu ni kulisha udongo. Samadi iliyooza vizuri, mboji, na mbolea ya viwandani kwa anayeimudu, hupunguza ule wito na kulipa zao nguvu ya kustahimili. Samadi mbichi iliyotoka katika zizi la ng'ombe waliolishwa mabua yenye kiduha inaweza kuleta mbegu badala ya kuziondoa. Iachwe ioze na kupata joto kwanza. Wala mtu asidhani kwamba mfuko mmoja wa urea utakiua kiduha. Hakifi kwa mbolea, hupungua tu.

Ziko pia njia zilizotoka kwa watafiti. Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alizalisha mtama ambao mizizi yake huita kwa sauti ndogo, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Aina mbili zilizotokana na kazi hiyo, Hakika na Wahi, zilitolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 2002. Wanaopenda mtama mrefu wa zamani huzilalamikia kwa ufupi wake na kwa ndege. Lakini katika shamba la kiduha afadhali mtama mfupi wenye suke kuliko mrefu usio nalo. Katika kituo cha icipe kilichoko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walibuni tangu miaka ya 1990 njia iitwayo vuta-sukuma. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa funza wa mabua. Walipanda majani ya jamii ya kunde yaitwayo desmodi katikati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na mabingobingo pembeni ili kumvuta. Ndipo walipoona kwamba penye desmodi kayongo haipo. Mizizi ya desmodi huziamsha mbegu za kiduha na papo hapo hutoa kemikali nyingine inayozuia vimizizi vyake visishike mahindi. Desmodi ni mmea wa kudumu, huliwa na ng'ombe na hurutubisha udongo. Kwetu tatizo lake ni moja: baada ya mavuno mifugo huachwa izurure, na desmodi ya mtu mmoja katika kijiji kizima cha ng'ombe walioachiliwa haitauona msimu wa pili. Kijiji kisipokubaliana juu ya malisho, ni kazi bure kuipanda.

Sasa neno kwa makatibu. Kiduha hakina mabawa. Huenezwa na maji ya mvua, na kwato, na plau iliyoazimwa, lakini zaidi ya yote huenezwa na mbegu ya kupanda ambayo imepurwa chini, katika uwanja wa udongo, kutoka shamba lenye kiduha. Chama kinachokusanya mtama wa wanachama na kuugawa tena kama mbegu msimu unaofuata kinaweza, bila kukusudia, kupanda kiduha katika mashamba 300 kwa siku moja. Hapo lawama ya mwanachama juu ya katibu itakuwa na haki. Kwa hiyo mtama wa mbegu utolewe katika shamba lililokaguliwa likiwa bado limesimama, si magunia yakiwa ghalani. Masuke yakatwe juu bila kugusa ardhi, na yapurwe juu ya turubai. Magunia yaliyotumika yakung'utwe mbali na mashamba. Aidha, yafaa katibu awe na daftari la kuandika mashamba yenye kiduha, aina ya maua yaliyoonekana, na zao lililopandwa kila msimu. Daftari hilo litamsaidia bwana shamba, na litamsaidia katibu mwenyewe siku atakapoulizwa juu ya mbegu mbele ya mkutano.

Anayetaka kuhakikisha kama ugonjwa wa shamba lake ni kiduha asisubiri maua. Achimbue shina lililodumaa, asiling'oe, kwa maana likivutwa nyuzi hukatika na kubaki udongoni. Aloweke bonge zima katika maji na kuosha pole pole, kisha atazame. Anayependa kuleta mfano ofisini kwetu analeta kwa hisani, lakini auweke katika mfuko uliofungwa mdomo. Mmoja wetu alituletea shada zima lenye vitumba vilivyokauka, limefungwa nyuma ya baiskeli, kutoka mwendo wa kilometa kumi na mbili, na ilitubidi tumshukuru.